Nguzo Zilizopinduliwa: Kiswahili na Jengo la Kanisa



Huenda mkajiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika mawe na chokaa. Jibu langu ni kwamba jengo husimama pia kwa maneno ambayo mwenye kujenga na mwenye kujengewa wameelewana.

Katika Uingereza ya zama za kati, kanisa la parokia lilikuwa na sehemu kuu mbili. Magharibi palikuwa na ukumbi wa waumini, ulioitwa kwa Kilatini navis, yaani merikebu; mashariki palikuwa na patakatifu pa padri. Kati yake mara nyingi palisimamishwa kiambaza cha mbao. Tangu karne ya 13, desturi iliwataka waumini waukarabati ukumbi, na paroko apakarabati patakatifu.

Umbo hilo lilifika pwani yetu. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa, na mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo mahali palepale. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yuleyule aliyekuwa ametoa mwongozo wa lugha ya Kiswahili mwaka 1870. Matao ya Kigothi yalikaa pamoja na mapambo ya Kiarabu, na paa la kuba likajengwa kwa mawe ya matumbawe na saruji. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Karibu na mahali pa ubatizo zipo nguzo zilizosimama kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu alipokuwa safarini. Wageni hucheka; mimi sicheki. Fundi wa pwani alikuwa bingwa wa nyumba na misikiti. Naona kilichopungua hakikuwa ujuzi, bali jina: hapakuwa na neno la pamoja la kutofautisha kichwa cha nguzo ile na kitako chake.

Tutazame basi maneno tuliyo nayo. Kanisa, msalaba, madhabahu, mimbari na mnara yana asili ya Kiarabu. Mimbari ilijulikana msikitini kabla ya kuingia kanisani. Huku kwetu mkondo ni mwingine. Wamisionari wa Kikatoliki walikabidhiwa ngome ya Karema mwaka 1885, na kwa njia yao Ufipa ikazoea altare, sakristia na parokia. Hivyo Mkristo wa Unguja na wa Namanyere wanaweza kuelekea meza moja kwa majina mawili.

Lakini haya ni maneno ya ibada. Maneno ya fundi, aliyefyatua tofali na kupinda tao, tumeyaandika machache mno. Kanisa kuukuu linapobomolewa ili kupisha kubwa zaidi, matofali huhesabiwa, maneno hayahesabiwi. Na wazee wanaoyajua wanatutoka.

Baraza la Kiswahili la Taifa limeshughulikia usanifishaji wa istilahi tangu mwaka 1967. Kazi hiyo naifananisha na patakatifu: ina wahudumu wake. Ukumbi, hata hivyo, ni mali ya wasemaji, na paa lake likivuja hatuna wa kumlaumu. Wanafunzi wangu, kabla hamjabuni istilahi mezani, nendeni na daftari kwa fundi mzee. Mwulizeni kila kiungo kinaitwaje, tusije tukasimamisha kamusi nayo kichwa chini.