KUWAFUNDISHA WENZETU DARASA LA JIONI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa reli mbele ya wanachama waliojitolea kufundisha kisomo cha jioni katika tawi)



Mimi si mwalimu wa chuo. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia kazi ya reli, na kazi yangu ni ya njia: mataruma, kokoto na nyundo. Lakini kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikaa na wenzangu jioni kuwafundisha kusoma, kuandika na hesabu. Katibu ameniomba niwaambie ninyi mtakaofundisha mwaka huu mambo yanayofaa kufanywa darasani. Habari za faida ya elimu mmezisikia mara nyingi, sitazirudia.

Ila neno moja kwanza, ili tujue kwa nini kazi hii ni ya Chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yasema kwamba mfanya kazi asiyejua kusoma hapana budi tajiri afanye aelezwe mkataba wake kwa lugha anayoifahamu. Naye aweza kuukubali kwa alama ya kidole mbele ya mtu asiyekuwa tajiri. Kifungu cha 20 chataka mfanya kazi apewe hati ya maandishi ya mshahara wake pamoja na makato. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya mtu kuachishwa kazi kwa kosa, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na mwenzake au mwakilishi wa Chama awepo. Hizo ni sheria nzuri. Lakini mtu anayesomewa hujua yale tu aliyosomewa. Hati ya mshahara yenye makato asiyoyaelewa huikunja akaitia mfukoni. Ujumbe wa simu ukija, humpa mwingine simu, na mara nyingine humpa na namba ya siri. Sheria ipo, na bado mtu aibiwa.

Tena wenzetu hawa ni nani? Kabla ya Januari 2003, serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi, watoto wengi walitoka shuleni kwa kukosa fedha. Watoto wale leo ni watu wazima, nao tunafanya kazi pamoja. Si wazito wa akili. Mtu anayegonga gurudumu la behewa kwa nyundo, akajua kwa mlio kwamba lina ufa, huyo ana akili ya kutosha kuijua herufi B.

Basi mkiona mabenchi yameanza kuwa matupu, msiseme kwamba watu hawana bidii. Mtu mzima hukimbia darasa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni aibu. Ya pili ni kuona kwamba jioni imepita, amechoka, na hakupata kitu cha kwenda nacho nyumbani. Mambo yote nitakayosema ni dawa ya magonjwa hayo mawili.

JAMBO LA KWANZA: Mwulize kila mtu anataka kusoma nini. Mnamkumbuka Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84. Mzee yule alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilimkalisha pamoja na watoto wadogo mpaka akasoma. Kila atakayekuja kwenu anayo ya kwake. Mmoja ataka kusoma hati ya mshahara, mwingine barua ya shule ya mtoto wake, mwingine ujumbe wa simu. Iandikeni katika daftari mbele ya jina lake. Kisha kila juma mtafute kipande cha somo kinachomgusa mtu fulani. Siku akisikia jambo lake limeletwa darasani, hatakosa siku ya pili.

JAMBO LA PILI: Anzeni na maneno ya kazi yetu. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos, kaskazini-mashariki ya Brazili, mwalimu Paulo Freire na wenzake waliwafundisha kusoma watu wazima wapatao 300 kwa muda wa saa 40 hivi. Hawakuanza na kitabu cha watoto. Walichagua maneno machache ya maisha ya watu wale, wakazungumza kwanza juu ya kazi yenyewe, kisha wakalikata neno vipande, na kwa vipande hivyo watu wakaunda maneno mengine. Mwaka uliofuata wanajeshi wakashika serikali, Freire akafungwa, kisha akaenda uhamishoni. Watawala wale waliona kwamba kibarua akijua kusoma atauliza maswali.

Kiswahili chetu chafaa sana kwa njia hiyo, maana vipande vyake ni vyepesi. Andikeni RELI. Wazungumze kwanza: nani aliijenga, nani huitengeneza, nani hulipwa nini. Kisha kateni: RE, LI. Waandikieni jamaa zake: ra, re, ri, ro, ru, la, le, li, lo, lu. Halafu nyamazeni, waacheni watafute. Watapata lori, rula, lala. Jioni ya pili andikeni PESA: pa, pe, pi, po, pu, sa, se, si, so, su. Watapata pasi, supu, sasa, sisi. Na mtu mmoja atachanganya jamaa za maneno yote mawili, aseme: LIPA. Acheni alitafute mwenyewe, msimpe. Kwa maneno mawili tu tayari waweza kuandika "lipa pesa sasa". Mtu ameingia jioni mbili na ameandika sentensi nzima yenye maana.

JAMBO LA TATU: Ulizeni, kisha ngojeni. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza madarasa katika miaka ya 1970, akaona kwamba mwalimu akiuliza swali hungoja kama sekunde moja tu, kisha hujijibu au humwendea mwingine. Waalimu walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na waliokuwa wakinyamaza wakaanza kusema. Sekunde tatu ni ndefu sana kwa mwalimu aliyesimama mbele ya watu. Hesabuni kimoyomoyo. Tena msitaje jina kwanza. Ukisema, "Mzee Fulani, hili ni neno gani?", wengine wote wamepumzika, na Mzee Fulani amepata hofu. Ulizeni darasa zima, ngojeni, wanong'one wawili wawili, ndipo mmwite mtu. Akikosea, kosa ni la wawili, haliumi sana.

JAMBO LA NNE: Chungeni heshima ya mtu. Mwalimu wa miaka 25 asimwite mtu wa miaka 50 kwa jina tupu. Amwite Mzee, Mama, au Baba Fulani, kama afanyavyo nyumbani. Msimsimamishe mtu mbele ya ubao naye hajui. Badala yake, kila mmoja awe na kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, na chaki. Mkitaja neno, wote waandike, kisha wote wainue pamoja. Kwa mtazamo mmoja mwalimu ameona nani amepata na nani hakupata, wala hakuna aliyeaibishwa. Na katika kusahihisha, shikeni kosa moja tu. Mtu akiandika mstari wenye makosa matano, mkimwonyesha yote matano amekwisha. Mwambieni kwanza alilofanya sawasawa, kisha mwonyesheni moja la kutengeneza. Manne yaliyobaki yatangoja. Na anayemcheka mwenzake, mwiteni kando baada ya somo, msimgombeze mbele ya watu, maana huyo naye ana aibu yake.

JAMBO LA TANO: Hesabu zitoke kazini. Wenzetu wanapima njia kila siku. Wanajua kwamba katika njia ya zamani nafasi kati ya reli na reli ni milimita 1000, na katika njia mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ni milimita 1435. Basi waulizeni: hii yazidi ile kwa kiasi gani? Watatoa 1000 katika 1435 kabla hamjaandika ubaoni, wapate 435. Hapo waonyesheni jinsi ya kuandika hesabu ambayo tayari wanayo kichwani. Kisha ingieni katika hati ya mshahara: mshahara wote juu, makato chini yake moja moja, na baki. Tumieni hati ya mfano mliyoitunga wenyewe, isiwe ya mtu yeyote, maana mshahara wa mtu ni siri yake.

JAMBO LA SITA: Kumbukeni zamu. Mtu wa zamu ya usiku atakosa masomo, si kwa kupenda. Akirudi akakuta wenzake wamekwenda mbele, atakaa nyuma, na juma la pili hatakuja. Kwa hiyo liwepo daftari moja la darasa, linaloandikwa kila jioni somo la siku hiyo. Kila mtu awe na mwenzake wa benchi, na huyo ndiye atakayempa habari ya somo. Tena dakika kumi za kwanza kila jioni ziwe za kurudia. Aliyekosa atapata, na aliyekuwapo atalishika zaidi kwa sababu amelifundisha.

Na angalieni macho. Mtu akipita miaka 40 hivi, macho yake huanza kushindwa kuona maandishi ya karibu. Wapo wanaosema, "Mimi kichwa changu hakishiki," kumbe ni miwani. Mkimwona mtu anasogeza karatasi mbali na uso, mwekeni karibu na taa, andikeni kwa herufi kubwa, na mwambieni kwa siri aende akapimwe macho.

JAMBO LA MWISHO: Dakika tano kabla ya kufunga, kila mtu aandike au asome kitu kimoja cha siku hiyo, hata kama ni neno moja tu. Hapo yeye ajua kwamba hakupoteza jioni yake, na mwalimu ajua ni nani ambaye hakuelewa. Na kesho anzeni na huyo, msianze na yule mwepesi.

Ndugu zangu, naomba tawi mambo mawili. Kwanza, waalimu wakutane mara moja kila mwezi waambiane nini kimefaa na nini kimeshindwa. Pili, mwanachama asipoonekana darasani mara mbili, mwenzake wa benchi amfuate nyumbani au kazini, amwulize kwa upole, wala asimwandikie barua ya kumlaumu.

Mtajuaje kwamba kazi yenu imefaa? Msiangalie vyeti peke yake. Leo mwanachama huja ofisini na barua mkononi, akasema, "Nisomee." Siku atakapokuja na barua ile ile akasema, "Nimeisoma, lakini mstari huu sikubaliani nao," hapo jueni mmefundisha, na Chama kimepata mtu.

Majina ya watakaokuja yako kwa Katibu. Kila mwalimu achukue orodha yake kabla ya kuondoka.