Kiumbe Huyu au Kiumbe Hiki? Upatanisho wa Ngeli na Upole wa Mchezo wa Kirby's Dream Land



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu swali la sarufi linaloibuliwa na mchezo wa video. Mchezo wenyewe ni Kirby's Dream Land, uliotengenezwa na kampuni ya HAL Laboratory ya Japani na kutolewa na Nintendo mwaka 1992 kwa ajili ya kifaa cha mkononi cha Game Boy. Swali ni hili: mtu anayeusimulia mchezo huo kwa Kiswahili atamtaja mhusika wake mkuu kwa upatanisho gani? Atasema "kiumbe huyu anaruka" au "kiumbe hiki kinaruka"?

Huenda baadhi ya wasikilizaji wakaona kuwa mchezo wa watoto haustahili mhadhara wa hadhara. Hata hivyo, taaluma ya isimu haichagui data kwa heshima yake. Vitendawili, nyimbo za bembea na chemshabongo vilidharauliwa vivyo hivyo kabla ya kuingia katika mitaala. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba upole wa mchezo huo, ambao katika kiwambo hubebwa na umbo, katika Kiswahili hauna budi kubebwa na ngeli. Msimulizi asiyefahamu namna ya kuitumia ngeli hiyo atausimulia mchezo kwa usahihi, lakini upole wake utampotea.

2.0 Mchezo na namna unavyochezwa

Kirby's Dream Land ni mchezo wa majukwaa: mhusika hutembea kutoka kushoto kwenda kulia, akiruka kutoka jukwaa moja hadi jingine na kukabiliana na maadui njiani. Mbunifu wake, Masahiro Sakurai, alikuwa kijana wa takriban miaka ishirini, na alikusudia mchezo ambao hata mtu asiyewahi kushika kifaa cha namna hiyo angeweza kuucheza. Mhusika alichorwa kwanza kama duara la kushikilia nafasi wakati kazi ikiendelea. Duara hilo likapendwa, likabaki.

Kisa chake ni chepesi. Mfalme Dedede, ndege wa jamii ya pengwini mwenye nyundo kubwa, ameiba chakula cha wenyeji wa Dream Land pamoja na nyota zao zing'aazo. Kirby anakwenda kuvirejesha. Safari ina hatua tano. Katika hatua ya kwanza anakutana na mti wenye uso unaodondosha matufaha na kupuliza upepo. Katika ya pili anapita kwenye kasri la wahusika wawili wanaosukuma masanduku. Katika ya tatu anavuka visiwa na kupambana na chombo cha angani, na katika ya nne anapanda mawinguni, ambako wingu lenye jicho moja linamsubiri. Hatua ya tano ni mlima wa Dedede. Mchezaji mzoefu hukamilisha yote chini ya saa moja.

Kinachoufanya mchezo huu kuwa wa kutuliza ni kanuni mbili. Ya kwanza ni kuelea. Kirby hujijaza hewa na kupaa muda wowote anaotaka, hivyo shimo ambalo katika michezo mingine ya aina hii humwangamiza mchezaji, hapa huvukwa bila haraka. Ya pili ni kumeza. Kirby hana upanga wala bunduki. Huvuta pumzi, adui akaingia kinywani, kisha mchezaji huamua kummeza au kumtema kama nyota inayompiga adui mwingine. Nguvu zake hupimwa kwa alama sita, na nyanya moja huzirejesha zote.

Ikumbukwe pia kwamba kiwambo cha Game Boy kilikuwa na viwango vinne tu vya kivuli, bila rangi. Waridi la Kirby, linalojulikana leo duniani kote, halikuonekana humo. Hata jalada la toleo la Marekani lilimwonyesha akiwa mweupe. Kupendeza kwake kulitokana na udogo wake, uduara wake na mwendo wake.

3.0 Ngeli ya udogo

Udogo ndio unaoturejesha kwenye Kiswahili. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alizihusisha ngeli na dhana zinazobebwa nazo, na ngeli ya KI-VI aliihusisha, pamoja na mengine, na dhana ya udogo. Nomino za viumbe hai zilizomo katika ngeli hiyo kwa kawaida hufuata upatanisho wa A-WA: "kijana yule amefika", "kipofu huyu anasoma", "kiumbe huyu anaishi majini". Lakini msemaji anapotaka kudunisha au kudekeza, upatanisho wa KI-VI hurejea: "kitoto kile kinacheka", "kijitu kile kimekuja tena".

Mifano hii miwili ya mwisho inaonyesha kwamba umbo moja hubeba mielekeo inayokinzana. "Kitoto kile kinacheka" inaweza kuwa sauti ya bibi anayempenda mjukuu. "Kijitu kile kimekuja tena" ni sauti ya mtu aliyechoshwa. Sarufi haisemi ni upi kati ya mielekeo hiyo unaokusudiwa. Muktadha ndio unaosema. Katika mazungumzo ya bara, hasa nchini Kenya, kuna umbo la tatu la KA-, "katoto kanacheka", ambalo halikubaliwi katika Kiswahili sanifu lakini vijana wengi hulitumia bila kusita.

Sasa arejelewe Kirby. Jina lake ni nomino ya pekee, kwa hiyo "Kirby anaruka" haina utata. Lakini msimulizi hawezi kulirudia jina katika kila sentensi. Atakapotumia "kiumbe", "kidude" au "kiduara", atalazimika kuchagua. Akisema "kiumbe yule akaelea", amesimulia tendo la mhusika. Akisema "kiumbe kile kikaelea", amesimulia tendo hilohilo na wakati huohuo amemdekeza. Tofauti hiyo, ambayo Kiingereza kingeitafutia kivumishi, Kiswahili huitamka kwa silabi moja. Msimulizi anayetumia pia kiambishi -ki- cha tendo linaloendelea atapata "kiumbe kile kikielea": "ki" ya kwanza ni ya ngeli, ya pili ni ya hali ya tendo, na mrudio wake unafanana na mwendo wenyewe wa kupaa kidogo na kushuka kidogo.

Upatanisho unaweza pia kwenda upande wa pili. Mti wenye uso "unapuliza" au "anapuliza"? Wingu lenye jicho "likashuka" au "akashuka"? Anayechagua A-WA amekwisha kuupa mti nafsi. Anayebaki na U-I na LI-YA ameuacha kuwa kizuizi cha njiani. Naye Dedede akiitwa "jitu lile", upatanisho wa ukubwa unamweka upande wa kutisha kabla hajainua nyundo.

4.0 Mmezaji mdogo

Wasomaji wa ngano za Waswahili wanamfahamu mmezaji wa namna nyingine. Katika mkusanyiko wa Edward Steere wa mwaka 1870 kuna hadithi ya Sultani Majnuni, ambaye paka wake anaachwa ale mifugo, kisha watu, hadi anawaua wana wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo sultani anapokiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda. Kila anachokula kinamkuza, na lugha inalazimika kumpa jina jipya.

Hakuna dai hapa kwamba Sakurai aliisikia ngano hiyo. Ulinganisho unafaa kwa sababu ya tofauti. Nunda humeza na kukua. Kirby humeza na kurudi katika udogo wake. Tishio la ngano linatokana na kwamba kilichomezwa kinabaki ndani na kuongeza ukubwa wa mmezaji. Katika mchezo, utulivu unatokana na kwamba hakuna kinacholimbikizwa. Ndiyo maana msimulizi anaweza kubaki na KI- kutoka hatua ya kwanza hadi karibu na ya mwisho. Ni katika hitimisho tu, Dedede akiisha kushindwa, ambapo Kirby anavimba kama puto kubwa na kulinyanyua kasri angani, na chakula kikawarudia wenyeji. Kwa mara ya kwanza "kile" hakitoshi. Msimulizi mwenye sikio atahamia "yule" hapo, na hadhira itatambua kwamba hadhi ya mhusika imepanda bila kuelezwa.

5.0 Athari kwa ufundishaji

Katika shule, hasa nchini Kenya, zoezi la kugeuza sentensi katika udogo na ukubwa ni la kawaida. Mwanafunzi hugeuza "mtoto analia" kuwa "kitoto kinalia", akapata alama yake. Katika somo jingine hufundishwa kwamba viumbe hai hufuata A-WA. Masomo haya mawili yasipokutanishwa, mwanafunzi anahitimu akiwa na kanuni mbili bila kujua ni lini msemaji huchagua moja na kuiacha nyingine, wala kwa nini. Matokeo yake ni maandishi ambamo kila kiumbe ni "huyu", mpole na mkali sawasawa.

Hasara hiyo si ya mtihani pekee. Vijana wanaocheza michezo hii huisoma kwa Kiingereza, na wengi huisimulia kwa vitenzi vya Kiingereza vilivyovishwa viambishi vya Kiswahili. Lawama haitawarudisha. Wanaweza kurudi wakionyeshwa kwamba lugha yao ina chombo ambacho lugha ya mchezo haina. Mwalimu anaweza kuwataka wanafunzi wasimulie hatua moja ya mchezo wanaoujua mara mbili, kwanza kwa A-WA tupu, kisha kwa KI-VI, halafu waeleze nini kimebadilika katika hisia za msikilizaji. Zoezi hilo halihitaji kifaa chochote darasani.

6.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba upatanisho wa viumbe hai katika Kiswahili ni uamuzi wa msemaji kuhusu kiumbe anayemtaja, na kwamba mchezo mwepesi wa mwaka 1992 unauweka uamuzi huo wazi kuliko matini nyingi nzito. Jina la Kirby nalo limebaki na jaribio moja. Kiswahili kilichopokea "kitabu" kutoka Kiarabu kikazaa "vitabu", na kikapokea "kiplefti" kutoka Kiingereza kikazaa "viplefti". Siku mtoto atakapoona wahusika hawa wawili kwenye kiwambo kimoja na kusema "Virby vinaelea", asikemewe upesi. Kwanza aulizwe kama anavipenda.