Wazee wetu wasibaki wageni kwao



Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, tukaishi Nyarugusu ao Lugufu. Kuanzia 2005 meli zilitoka Kigoma zikiturudisha Baraka. Aliyekimbia na miaka 50, leo anakaribia 80. Huyo ndiye ninamusemea.

Muzee aliporudi alipewa blanketi, sufuria na jembe. Ni vizuri. Lakini majirani aliowaacha wamekufa ao wamehama, na vijana wa kijiji hawamujui. Anashinda peke yake uani. Na shamba lake? Bila watu wa kumushuhudia mbele ya chefu, linaenda. Tena siye peke yake anapoteza. Yeye ndiye anajua mpaka ulipita kwenye muti gani, kijito gani, kaburi la nani. Akifa kimya, wajukuu watagombana.

Basi ninaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama achague muzee mumoja, amutembelee kila juma, hata na fungu la sombe tu. Pili, tumupeleke kwenye baraza, aeleze mipaka mbele ya majirani na wazee wengine, kijana aandike. Tatu, wafadhili, mutusaidie pesa ya pikipiki: muzee wa miguu mibovu hawezi kutoka Fizi mpaka Baraka kumuona rafiki yake wa zamani.

Majina ya wazee tunaanza kuyaandika leo, mbele hatujatawanyika.