Figo ya Kupewa na Habari Zilizomo Katika Damu

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi, Kaloleni, Kisumu, baada ya swala ya Alasiri)



Wazee wetu, kina mama, ndugu zangu vijana. Nimepewa figo ya kupandikizwa kuwa mada, na naona wengine mwatazamana, kana kwamba hilo ni jambo la Nairobi na India. La. Pale Hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, wapo wanaosafishwa damu kwa mashine, na Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, hupandikiza figo. Tunaishi nao wagonjwa hawa.

Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Dk. Joseph Murray alimpandikizia mtu figo ya pacha wake wa kufanana naye, na ikafanya kazi. Mwili haukuona mgeni. Lakini figo ya kaka au ya mama ni mgeni, na askari wa damu humshambulia mgeni. Ndiyo maana aliyepewa figo humeza dawa za kuwatuliza askari hao kila siku, maadamu figo ile ingali inafanya kazi.

Sasa shida iko hapa: figo inapokataliwa, mara nyingi haiumi. Mtu anakula, anatembea, anasema alhamdulillah niko sawa. Tunachotegemea ni kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huitoa. Ikipanda kwenye damu, figo imelegea. Lakini hupanda kwa kuchelewa, na hupanda pia kwa kukosa maji tu. Ni kama kujua paa linavuja baada ya godoro kulowa. Kisha daktari atahitaji kuchoma sindano achukue kipande cha figo akitazame.

Wataalamu wakatafuta dalili ya mapema. Seli za figo zinapojeruhiwa hupasuka, na vipande vya DNA ya yule aliyetoa figo huingia kwenye damu ya aliyepewa. Maabara yaweza kuvitenganisha na kuvihesabu. Vikizidi kama asilimia 1, kuna shaka, hata kama kreatinini haijasonga. Marekani, bima ya serikali iitwayo Medicare ilianza kukilipia kipimo hiki mwaka 2017. Si kamili: aina nyingine za kukataliwa humpita, na kwa mapacha wa kufanana hakina kazi, kwani DNA ni moja. Tena ni ghali mno.

Mimi sioni haja ya kukaa tukikililia. Kreatinini na kiwango cha dawa ndani ya damu, vikipimwa kwa wakati wake, vyaokoa figo nyingi. Weka daftari, andika namba zako. Namba ya kawaida ya kijana mwenye misuli si ya bibi mwembamba. Ukitoka 110 ukafika 140, usingoje miadi ya mwezi ujao.

Na mwezi huu mtukufu, hebu tuhesabu. Dawa ya takrolimasi kwa kawaida humezwa kila baada ya saa 12. Ukiimeza daku saa 11 alfajiri na futari saa 1 kasoro robo jioni, mchana umepitisha karibu saa 14, usiku saa 10 na kidogo. Umeona? Ipo aina ya kumezwa mara moja kwa siku, lakini kubadilisha ni kazi ya daktari, na ifanywe kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa kwanza wa tarawehe.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kiwango cha dawa hupimwa kabla ya kumeza dozi ya asubuhi. Anayemeza wakati wa daku kisha akatolewa damu saa 2 asubuhi, namba yake hutoka juu kwa uongo. Daktari asiyeambiwa atapunguza dawa, na askari wa damu wataamka. Siku ya kliniki basi mezea hapo baada ya kutolewa damu, na siku hiyo ulipe baadaye. Ruhusa ya mgonjwa imo Suratul Baqara, aya ya 184.

Niliulizwa nje, je, kutoa figo yafaa? Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah liliruhusu mwaka 1988, kwa masharti, mtoaji asidhuriwe. Kuuza kiungo, hapana.

Nitakaa hapa hadi adhana ya Magharibi. Mwenye daftari la namba zake na alilete tulitazame.

Wabillahi tawfiq.