Nani Amwajiriye Kijana wa Scampia? Mhadhara juu ya Tamthilia ya Gomorra na Wale Waishutumuo



Nilipotakiwa kuhutubu katika hadhara hii tukufu nilikuwa nimekusudia kuzungumza juu ya fasihi na jamii kwa ujumla, na lau si kauli moja niliyoisikia kwa mwanazuoni ninayemheshimu, kauli aliyoitamka kwa yakini kubwa na waliohudhuria wakaipokea bila ya kuihoji, ningeliwasomea leo mhadhara wa amani. Alisema bwana huyo kwamba tamthilia ya televisheni ya Kitaliani iitwayo Gomorra, iliyoanza kuonyeshwa Mei 2014 ikamalizika Desemba 2021, ni madrasa ya uhalifu. Kwamba kwa kuwa hamna ndani yake askari mwema wa kupendwa na mtazamaji, basi kijana aitazamaye hujifunza kuua. Na kwamba dawa yake ni kuipiga marufuku. Tena ana wenzi wenye hadhi katika kuilalamikia, kwani Luigi de Magistris alipokuwa meya wa Napoli, na mwendesha mashtaka Nicola Gratteri, wote wawili wamenena hadharani juu ya madhara ya hadithi za namna hii kwa vijana.

Sitawachosha kwa kueleza kwa urefu Camorra, mtandao wa wahalifu wa Napoli, wala habari za kitabu cha Roberto Saviano cha 2006, ambacho tamthilia hii imetokana nacho na kilichomlazimu mwandishi wake kuishi chini ya ulinzi wa askari hata leo, wala filamu ya Matteo Garrone ya 2008 iliyotokana nacho pia. Hayo ni maarufu. Yatosha kukumbusha kwamba tamthilia ni habari za nyumba ya Savastano, ukoo wa Camorra: Don Pietro, mkewe Donna Imma, mwana wao Gennaro, na Ciro Di Marzio, kijana asiye na nasaba aliyekulia katika utumishi wa nyumba hiyo, na ambaye mapenzi na uadui wake na Gennaro ndio uti wa mgongo wa hadithi nzima.

Mimi naona ni mshahara, cheo na jina, si televisheni, vimwingizavyo kijana katika uhalifu. Hujja yangu ya kwanza ni ya tarikhi. Vita vya Scampia, mtaa ule wa kaskazini ya Napoli, baina ya ukoo wa Camorra wa Di Lauro na wale waliojitenga nao, vilipiganwa mwaka 2004 na 2005, na waliovipigana na kufa ndani yake aghalabu walikuwa vijana. Ilhali sehemu ya kwanza ya tamthilia ilionyeshwa miaka tisa baada ya vita hivyo kupoa, na wala haikuficha kwamba imechota humo. Wazee wetu husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Na mwenzangu, badala ya kulitafuta jambo, ameishitaki mbiu.

Lakini kwa nini tuishie 2004? Niruhusuni niwapeleke kwa shahidi nimpendaye kuliko wote, Marc Monnier, mzaliwa wa Florence ambaye jamaa zake walikuwa na hoteli Napoli, na ambaye mwaka 1862 alichapisha kitabu chake juu ya Camorra. Kila ninapokirudia nastaajabu, maana mtu huyu hakuandika kwa ghadhabu wala kwa kutaka kutisha, bali kama karani mwaminifu anayenakili daftari la biashara. Hutueleza kwamba mfungwa mpya alipoingia gerezani alitozwa fedha za mafuta ya taa ya Bikira Maria, na kwamba fungu lilitwaliwa katika kila mchezo wa kamari. Hutueleza madaraja ambayo kijana alipaswa kuyapanda, kutoka utumishi wa chini hadi cheo cha camorrista, na miaka aliyosubiri baina ya daraja na daraja. Na hutueleza mtihani wa kale ambao sarafu iliwekwa chini, wakubwa wakachoma visu vyao pale pale, na mtaka cheo akapaswa kuiokota kwa mkono wake, ambao aghalabu ulirudi umetobolewa. Na kubwa kuliko yote, hutueleza namna mwaka 1860, dola ya Wabourbon ilipokuwa ikianguka, waziri Liborio Romano alivyowaandikisha watu hao hao katika ulinzi wa mji ili utulivu usivunjike. Basi tazameni: ushuru, madaraja, mtihani, hata mshahara wa serikali, yote yamekamilika miaka mia moja na hamsini na zaidi kabla ya tamthilia hii. Yule aliyeokota sarafu kwa mkono wenye damu alifundishwa na televisheni gani?

Hujja ya pili ni ya kupima dawa nyingine iliyofichika katika kauli ya mwenzangu, yaani yule askari mwema aliyelalamika kwamba hamna. Dawa hiyo Wataliani walikwisha kuinywa. Kuanzia 1984 televisheni ya taifa lao iliwaonyesha tamthilia ya La piovra, ambamo Kamishna Cattani, aliyeigizwa na Michele Placido, aliwapiga vita mafia kwa ujasiri uliowaliza mamilioni, hata alipouawa katika hadithi mwaka 1989 nchi ilimwomboleza kama kwamba ni mtu wa kweli. Na miaka mitatu baadaye, mwaka 1992, mafia wa Sicily wakawaua kwa mabomu mahakimu Giovanni Falcone, mwezi Mei, na Paolo Borsellino, mwezi Julai. Sisemi kwamba Cattani aliwaletea mauti. Nasema kwamba wema wake haukumzuia mwuaji hata mmoja.

Hujja ya tatu yahitaji mtu aitazame tamthilia kabla ya kuihukumu. Ciro huitwa Asiyekufa kwa kuwa, alipokuwa mtoto mchanga, alitolewa hai katika jengo lililoporomoka kwa tetemeko la 23 Novemba 1980, tetemeko lililoua watu wapatao elfu tatu katika Irpinia na jirani zake. Tetemeko hilo ndilo lililozisukuma familia zisizo na makao ziingie katika Vele, majengo yale makubwa ya Scampia yaliyobuniwa na Franz Di Salvo, ambayo hayakuwa yamekamilishwa huduma zake. Na fedha za ujenzi mpya zilizotolewa na dola ndizo zilizoinenepesha Camorra. Mwandishi anayemtoa shujaa wake katika kifusi cha tetemeko hilo amekwisha kutaja mshitakiwa, na mshitakiwa si televisheni. Fauka ya hayo, katika hadithi hii Imma anauawa, Pietro anauawa na Ciro aliyekulia nyumbani mwake, Ciro anamwua mkewe kwa mikono yake na kisha binti yake anauliwa, na mwishoni Ciro na Gennaro wanaangamia pamoja. Biashara gani hutangazwa kwa kuonyesha kila aliyeajiriwa akizikwa?

Hapa naomba radhi nichanganye elimu na habari zangu. Nilipata kuzuru Napoli kama mgeni wa Chuo Kikuu cha L'Orientale, ambako Kiswahili chetu kimesomeshwa kwa miaka mingi na ambako marehemu Elena Bertoncini aliitumikia fasihi yetu kwa ghera isiyo kifani. Na alasiri moja nilipanda metro hadi kituo cha mwisho, Piscinola, nikaingia Scampia. Nilimwuliza mzee mmoja muuza kahawa kama tamthilia imewaharibu vijana wa mtaani kwake. Akanijibu kwamba walipokuja wapiga picha waliwapa baadhi yao ujira wa siku, kisha akaniuliza ni nani mwingine aliyewahi kuja pale na ujira, ghairi ya wale ninaowajua. Sikuwa na jawabu.

Insafu, walakini, hunilazimu niseme na la upande wa pili. Vijana huiga nywele za Gennaro na maneno ya Ciro, na kamera yampenda Ciro kupita kiasi. Kadhalika tamthilia imewanyima nafasi watu wema wa Scampia, mathalan Gianni Maddaloni, mwalimu wa judo mwenye ukumbi wake mtaani humo, ambaye mwanawe Pino alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Hiyo ni kasoro, na mhakiki ana haki ya kuikemea. Lakini kuiga unyoaji si kujiandikisha jeshini. Kijana huingia katika ukoo kwa sababu ukoo humpa mshahara, cheo na jina, na hapo ndipo nilipokuwa kabla ya kupima hujja hizi, na hapo ndipo zimenirudisha.

Oktoba 2022, katika kiwanja ambapo zamani ilisimama mojawapo ya Vele zilizobomolewa, Chuo Kikuu cha Federico II kilifungua tawi la kusomesha fani za afya. Wauguzi watakaotoka humo watalipwa mshahara na kuitwa kwa cheo chao. Basi nawasihi, wanazuoni wenzangu, yeyote atakaye kuwaokoa vijana, wa Napoli au wa kwingineko, aanze kwa kuuliza ni nani mwingine awalipaye. Na tamthilia atuachie sisi wahakiki, tuikosoe kama tamthilia.