Mfuko Mmoja, Njia Tatu za Kuubeba

(Maneno ya ofisa wa maendeleo ya jamii kwa vikundi vya akina mama na vijana)



Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya. Adhabu mnaijua: faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Lakini marufuku pekee haimbebei mama unga. Anayesahau mfuko nyumbani hununua mwingine sokoni, na hizo shilingi hujumlika. Leo tushone mfuko wa kudumu, unaobebwa mkononi, begani au mgongoni.

Tafuta kitenge yadi 2, na kitambaa kizito cha bitana, kama marekani au suruali kuukuu ya jinzi. Viroweke kwanza, vikauke, uvipige pasi. Kitambaa kisichorowekwa hunywea baada ya kushonwa, na mfuko hupinda.

Kata vipande 2 vya kitenge na 2 vya bitana, kila kimoja sentimita 38 kwa 45. Kata ukanda mmoja wa sentimita 170 kwa 12, vishikio 2 vya sentimita 50 kwa 12, na vitanzi 2 vya sentimita 10 kwa 12. Hivi vyote vikunje mara nne kwa urefu, vibaki na upana wa sentimita 3, kisha ushone kingo zote mbili.

Chukua kipande cha nyuma. Kwenye ukingo wa juu, upande wa sura, shikiza vitanzi, kila kimoja sentimita 5 kutoka katikati. Pitisha ukanda ndani ya vitanzi vyote viwili, kisha shikiza ncha zake kwenye pembe mbili za chini. Vishikio vishikize juu, kimoja mbele na kingine nyuma, sentimita 8 kutoka kila ukingo.

Kutanisha sura za kitenge, ushone pande mbili na chini. Angalia ukanda usinaswe na sindano. Fanya vivyo hivyo kwa bitana, lakini uache tundu la sentimita 12 chini. Ingiza kitenge ndani ya bitana, sura kwa sura, ushone mdomo wote. Pindua kupitia tundu, ulizibe, kisha upitishe mshono mwingine juu ya mdomo.

Ukivuta ukanda juu katikati ya vitanzi, unauvaa begani. Ukiuvuta pembeni, unapata kanda mbili za mgongoni, na mikono yako inabaki huru kumshika mtoto.

Mwanakikundi asiuze mfuko kabla ya kuujaribu. Weka pakiti 4 za unga za kilo 2, uutundike usiku kucha. Mahali pa kwanza kuachia ni pembe za chini na vishikio. Hapo shona mara tatu. Mteja ambaye unga wake umemwagika njiani harudi, na huwaambia majirani.

Vikundi vilivyosajiliwa, kumbukeni kwamba asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ila zabuni huhitaji kazi safi. Haba na haba hujaza kibaba.

Cherehani ziko hapa mbele. Karibuni tuanze.