Kushukuru Mbele ya Watu Kumi

(Hotuba iliyotolewa Kibuta katika maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Kamati ya maandalizi iliniagiza nizungumze juu ya shukrani. Nimeona nisianze na sisi wenyewe, bali na Wayahudi, ambao kwao tumepokea Zaburi.

Zaburi ya 107 inawataja watu wa namna nne: waliopotea jangwani, waliofungwa gizani, waliougua hata wakakaribia mauti, na waliokutwa na dhoruba baharini. Walimu wa Talmudi walipoisoma waliona ndani yake zaidi ya wimbo, waliona wajibu. Walifundisha kwamba watu hao wanne wamepaswa kushukuru, na shukrani yao ikawekewa sala maalumu iitwayo Hagomel. Anayeisema humhimidi Mungu awatendeaye mema hata wenye hatia, ambaye amemtendea na yeye. Husemwa mbele ya watu wasiopungua kumi, kwa kawaida sinagogini wakati Torati inaposomwa, na wanaosikia humjibu kwa kumwombea mema yasiyokoma. Siku hizi hata aliyenusurika katika ajali ya gari huisema.

Hapo penye “wenye hatia” naomba tukae kidogo. Aliyepona hasemi kwamba amepona kwa sababu ni mwema kuliko aliyezikwa. Sisi huteleza hapo. Nilipotoka hospitali miaka kadhaa iliyopita nilisimama kanisani nikasema kwamba Mungu hawaachi wanaomtumikia. Benchi la tatu alikuwa ameketi mjane ambaye mumewe alimtumikia Mungu kuliko mimi, na alikuwa amezikwa mwezi uleule. Sikumwona mpaka nilipokwisha kuketi.

Iko baraka nyingine, ya mahali. Mishna inafundisha kwamba afikaye mahali ambapo Israeli walitendewa miujiza amhimidi Mungu aliyewatendea baba zao miujiza pale. Baadaye walimu waliongeza kwamba aliyeokolewa peke yake naye abariki apitapo pale alipookolewa.

Je, katika Uzaramo tunapo mahali pa namna hiyo? Tunapo, ila shukrani yake si nyepesi. Pale Pugu, mwezi Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ya Wabenediktini ilishambuliwa. Baadhi ya wamisionari waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, kisha wakakombolewa kwa fidia. Waliokombolewa walitoka kifungoni kama ilivyo katika Zaburi. Wenzao walibaki kaburini. Tena katika Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, Kibasila wa Kisangire, aliyepinga kilimo cha pamba cha kulazimishwa, alinyongwa na Wajerumani. Walionusurika upande wa misheni walikuwa na haki ya kushukuru. Lakini Wazaramo tuliomo humu tuna babu pande zote mbili. Kwa maoni yangu, historia ya usharika isiyowataja wa upande wa pili haijashukuru sawasawa. Mishna yenyewe inasema kwamba mtu anayerudi safarini, akasikia kilio mjini, akaomba kisiwe cha nyumbani mwake, sala yake ni bure. Kilio kimekwisha kutokea. Tena mtu huyo anaomba kiwe cha jirani!

Wayahudi wako karibu nasi kuliko tunavyodhani. Karibu na Mbale, nchini Uganda, wako Abayudaya, jumuiya ya wakulima iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, nao wakaishika kwa siri. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yalikuwa yameitwaa Kampala, na jioni ya siku ileile Pasaka ya Kiyahudi ikaanza. Sherehe ya kutoka utumwani Misri iliwakuta wametoka katika utumwa wao. Katika vita ile vijana wetu wa Kitanzania walikufa, na mama zao hawakuwa na la kushukuria jioni ile.

Sasa niseme la nyumbani. Sisi tuna bahasha ya shukrani. Mzee wa kanisa hutangaza jumla ya fedha, na habari yenyewe, kwamba mtu alitoka salama chini ya lori au mtoto alivuka usiku wa homa, hubaki ndani ya bahasha. Napendekeza kwa Baraza la Wazee kwamba mwenye shukrani asimame, aseme kwa ufupi, na usharika umjibu. Wakati huohuo waombewe kwa majina wale ambao mwaka huo hawakupona.

Nikijaliwa, nitaanza mimi Jumapili ijayo. Kabla ya hapo nitakwenda nyumbani kwa mjane yule, kwa maana sijawahi kumwomba radhi.